Mwizi Aliyeacha Kofia

Mchana ule wodi nzima ilikuwa imesinzia. Wagonjwa walisinzia, muuguzi wa zamu alisinzia huku ameshika kalamu, hata pangaboi la darini lilizunguka taratibu mno, utadhani nalo limekula likashiba. Waliokuwa macho ni wawili tu. Mmoja alikuwa Inspekta, mama mtu mzima aliyestaafu upolisi zamani lakini watu wakagoma kumwita jina jingine. Wa pili alikuwa Mama Pacha, mshona nguo, aliyeketi ng'ambo ya kitanda akiwa ameushika mguu wa mumewe juu ya shuka, kana kwamba akiuachia utaondoka zake.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Kazini walimwita Cheche. Mwanzoni mwa wiki alianguka kutoka kwenye jukwaa la jengo linalojengwa, na tangu hapo hakufumbua macho wala kutikisa kidole. Uso wake ulitulia kabisa, mdomoni kuna kitabasamu cha mbali, na hicho kitabasamu ndicho kilichomuudhi mkewe kuliko bandeji.

"Amepata wapi raha hii?" alimnong'oneza Inspekta. "Mimi huku roho iko mkononi, yeye yuko kwenye starehe zake."

Daktari aliingia akitembea upesi, kijana mwembamba mwenye macho mekundu. Hakusalimia.

"Mmempata aliyemwona akianguka?"

"Bado," alisema Inspekta, ambaye Mama Pacha ndiye aliyemwomba aichunguze ajali hiyo.

"Basi ongezeni mwendo, Mama. Jioni hii ninamwingiza chumba cha upasuaji. Kama aliteleza akaanguka, najua pa kufungua na najua nitakachokikuta. Lakini kama alipotewa na fahamu kwanza, ndipo akaanguka, basi kuna kitu kichwani kilichotangulia. Nikimlaza kwa dawa ya usingizi bila kujua hilo, simwahidi mtu kwamba ataamka. Picha hazinionyeshi kipi kilianza. Nataka mtu aliyemwona kwa macho yake."

"Msimamizi wa ujenzi anasema alikuwa peke yake," Mama Pacha alisema.

"Anasema," Inspekta alimjibu. "Mimi nimetoka huko asubuhi. Mlinzi kanifungulia geti, msimamizi kanipandisha mpaka juu, na huko nimekuta ndoo mbili za rangi zimepinduliwa, zinatazamana, kila moja imetandikwa kipande cha boksi. Mtu mmoja hakalii ndoo mbili. Halafu simu ya mumeo haionekani, na simu haina miguu."

Daktari alitikisa kichwa, akatazama dirishani ambako jua lilikuwa limeshaanza kuinama, akaondoka kama alivyokuja.

Hawajakaa sawa, pazia likafunuliwa na mwanamume mwenye kipara na kitambi cha kuheshimika. Huyo alikuwa kaka yake Mama Pacha, fundi simu, ambaye ukoo mzima ulimwita Chaja kwa kuwa hakuna siku aliyokuja kwa mtu asiombe sehemu ya kuchomeka waya.

"Dada," alisema, jasho linamtiririka, "shemeji kaibiwa."

"Kaibiwa nini tena? Amebaki na nini cha kuibiwa?"

"Chapeo."

Mama Pacha alimtazama kaka yake, kisha akamtazama Inspekta kwa aibu ya mtu ambaye ndugu yake amevua nguo sokoni. Lakini Inspekta alivaa miwani yake iliyoning'inia kwa kamba kifuani, akavuta kiti cha tatu.

"Kaa hapo. Chapeo ndiyo nini?"

"Kofia ya chuma, Mama. Ya vita, ya kulinda kichwa. Ila hii iko kwenye mchezo." Akatoa simu yake. "Unaitwa Ngazi za Chini. Watu wanashuka mashimoni, wanapigana na mazimwi, wanaokota vitu, wanazidi kushuka. Shimo la chini kabisa lina ukungu. Ukiuvuta unalala, na ukilala huko umepotea, wewe na kila ulichovaa. Anayeweza kupita ni mwenye Chapeo ya Mkesha tu, maana inamzuia asisinzie. Mchezo mzima hazizidi tano. Shemeji aliipata mwaka jana, akalia kama mtoto. Dada, si unakumbuka?"

"Nakumbuka," alisema Mama Pacha. "Nilidhani amefiwa."

"Sasa leo asubuhi alikuwa nayo. Nimeingia tena sasa hivi, hana."

Inspekta alimwacha amalize. Alikuwa na mtindo wake wa kazi uliowachosha wakubwa wake enzi zile. Hakumwomba mtu amsimulie jambo, alimwomba alifanye tena mbele yake kwa mikono.

"Asubuhi ulifanyaje? Nionyeshe."

Chaja akabonyeza. Kidole chake gumba kilikwenda chenyewe, haraka, mpaka kwenye sehemu ya kuandika neno la siri, kikasimama hewani.

"Endelea."

"Hapa... hapa nilikosea tu, Mama."

"Hapo ndipo anapoingilia mtu kwa jina la Cheche. Si la kwako."

Chaja alifuta kipara kwa kiganja. "Nilijaribu. Nilikisia neno la siri mpaka wakanifungia. Nilitaka kuitunza."

"Kuitunza au kuiuza?"

"Vyote."

"Chaja!" Mama Pacha alipayuka, na mgonjwa wa kitanda cha jirani akageukia ukutani. "Mtu hajafa unamrithi?"

"Mwache," Inspekta alisema. "Nionyeshe alivyo sasa."

Kwenye kioo alionekana mtu mdogo wa kuchorwa, amelala chali juu ya jiwe, mikono kifuani. Alipumua polepole. Kichwani alivaa kofia ya ngozi ya kahawia, kuukuu, yenye kiraka juu ya sikio.

"Hii nayo ni yake?"

"Hiyo? Hapana. Hiyo ni takataka, Mama. Huko shimoni unaiokota mlangoni siku ya kwanza."

"Kwa hiyo mtu kamvua kofia ya thamani, akamvisha takataka. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningechukua nikaenda zangu."

"Ndiyo maana si wewe," alisema Inspekta, na Chaja hakujua kama ashukuru au akasirike. "Sasa niambie, inaibiwaje?"

"Haiibiki, ndiyo maajabu yenyewe. Lazima mwenyewe aitoe. Mtoaji na mpokeaji wasimame uso kwa uso, kila mmoja abonyeze kwenye simu yake."

"Yaani aliyeipokea leo alikuwa na simu mbili mkononi. Yake na ya Cheche."

"Hakuna njia nyingine."

Inspekta alimgeukia Mama Pacha. "Umesikia, mwanangu. Mwenye simu ya mumeo ndiye aliyekalia ndoo ya pili. Tukiipata hiyo kofia, daktari kapata shahidi wake." Kisha akamnyooshea Chaja mkono. "Nipe. Na hivyo vidude vya masikioni."

Akavichomeka masikioni, akabonyeza alipoonyeshwa, na wodi ikaanza kumwacha. Kwanza ziliondoka sauti: pangaboi, mkoromo, vikombe. Badala yake yakaja matone ya maji yaliyodondoka mahali pasipoonekana, moja, halafu kimya kirefu, halafu jingine. Akajikuta anashuka ngazi za mawe zilizoota ukoka. Uyoga mrefu kumpita mtu ulimulika buluu pande zote. Kila aliposogeza kidole ukumbi ulisogea naye, laini, bila haraka, na mama wa watu aliyeapa maisha yake yote kwamba michezo ni ya wasio na kazi akabana pumzi.

Ukumbi wa chini ulijaa watu waliolala. Walilala kwa safu juu ya mawe, na silaha zao, na ngao zao, wakipumua wote kwa pamoja.

"Hawa wamekufa?" aliuliza.

Sauti ya Chaja ilimjia kutoka mbali. "Wako kazini, Mama. Au shule, au wanakula. Mtu akitoka kwenye mchezo, huku analala."

Inspekta alipita katikati yao akiwakwepa asije akamkanyaga mtu. Alipofika kwenye jiwe la Cheche, alimkuta ajuza wa kuchorwa amesimama pembeni na taa ya mafuta. Mwanga ulicheza miguuni kwa yule aliyelala.

"Shikamoo," Inspekta alisema, maana hakujua aseme nini kingine.

Ajuza aligeuka. "Marahaba, ingawa sijui mkubwa ni nani kati yetu. Wewe si Chaja. Chaja hajawahi kunisalimia." Sauti ilikuwa ya mwanamke halisi, mkavu wa koo, na nyuma yake kijiko kilikuwa kinakoroga kikombe. "Mimi huku naitwa Bibi Taa."

"Natafuta aliyemvua Cheche chapeo yake."

"Hata mimi."

"Mlikuwa wangapi mnaotembea naye?"

"Watatu. Cheche anatangulia, mimi namulika, Kobe anabeba mizigo. Miaka mingi sasa."

"Mnajuana sura?"

"Mimi sijamwona hata mmoja. Huku chini hatuulizani ya huko juu. Hiyo ndiyo raha yake."

Inspekta aliinamia jiwe. "Hii kofia ya ngozi inanisumbua. Mwizi anapoteza muda kumvisha mtu kofia ya nini?"

Kijiko kilisimama. "Hajaachwa kichwa wazi?"

"Hapana. Tazama."

Taa ilisogea. Bibi Taa aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Sisi watatu tuna utaratibu wetu. Mwenzako akikupa kofia yake kabla hajalala, uende kuikarabati au kuisafisha, unamvisha ya kwako. Humwachi kichwa wazi. Hata kama una haraka kiasi gani."

"Mchezo unawalazimisha?"

"Mchezo wala haujui. Akilala bila kofia hapungukiwi na kitu. Ni sisi tu tulivyozoea. Vikosi vingine vinatucheka."

"Kwa hiyo aliyefanya hivi..."

"Hakufikiri. Mkono ulifanya wenyewe." Bibi Taa alivuta pumzi. "Hicho kiraka nilikiweka mimi. Hiyo kofia ni ya Kobe."

Inspekta alihisi ile raha ndogo aliyoikumbuka vizuri, ya kitu kuingia mahali pake, na papo hapo akawaonea huruma wote wawili, aliyelala na aliyemvisha. Mwizi gani huyu mwenye adabu.

"Yuko wapi sasa?"

"Kama chapeo anayo yeye, basi yuko chini kabisa, kwenye ukungu. Kaenda peke yake na hataki kuniambia kwa nini. Nikimwita ananiambia subiri."

"Naweza kuongea naye?"

"Nakuunganisha. Lakini nenda naye pole. Kobe ana roho nyepesi."

Matone yakanyamaza. Ikaja sauti ya upepo unaozunguka mahali pamoja, na ndani ya upepo, mtu anayepumua kwa mdomo.

"Bibi, nimekwambia subiri."

"Si Bibi," alisema Inspekta. "Mimi ni mtu wa Cheche."

Upepo ukazunguka. "Cheche hana mtu mwenye sauti hiyo."

"Mpya. Unafanya nini huko, mwanangu?"

"Nina kazi, Mama. Nisamehe."

"Kazi gani inayohitaji kofia ya mwenzako?"

Hakukata. Mwenye hatia ya kawaida angekata, na Inspekta alilitia hilo akilini. Kobe alikuwa anahema kama anayepanda mlima, kumbe ni kidole gumba tu kinachotembea.

"Kuna kisima huku," alisema mwishowe. "Sijawahi kufika, wala simjui aliyefika. Lakini wanasema ukifika unachota maji, unapanda nayo, unamnyunyizia mwenzako aliyelala. Anaamka. Popote alipo, anaamka."

Pale pale kipaza sauti cha korido kikakoroma, hewani mwa wodi halisi: ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha dirishani, fika kwenye dirisha la dawa. Inspekta alikisikia juu juu, kama mtu anavyosikia jogoo wa jirani. Lakini tangazo halijaisha akalisikia tena, jembamba, limechelewa kidogo, ndani ya masikio yake. Ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha dirishani.

Akachomoa kidude cha sikio moja. Akamkazia macho Mama Pacha na kumwekea kidole mdomoni.

Sikio lililo wazi halikusikia kitu. Lililozibwa likasikia gurudumu linalolia, nyi, nyi, nyi, likipita karibu kabisa na Kobe na kufifia.

"Muuguzi," Inspekta alinong'ona. "Amka, mama. Toroli lenye gurudumu bovu ni lipi?"

Muuguzi aliinua kichwa, hajui yuko dunia ipi. "La nguo chafu. Tumelalamika mpaka tumechoka."

"Linapita wapi?"

"Ngazi za nyuma. Wanashusha mashuka kwa dobi."

Inspekta alimtupia Chaja simu. "Mweke kwenye mazungumzo. Muulize chochote, ilimradi asizime."

"Nimuulize nini?"

"Wewe? Muulize bei."

Korido ilikuwa ndefu na imepakwa rangi ya kijani kibichi mpaka kifuani, na jua la alasiri liliingia kwa madirisha ya upande mmoja likaweka miraba sakafuni. Inspekta alipita kwenye mwanga, kisha kivuli, kisha mwanga, bado ana ule mwendo wa kuelea wa shimoni, na kwa muda alishangaa kwamba wagonjwa waliolala kwenye mabenchi hawakuwa na ngao. Nyuma yake Mama Pacha alikimbia, ndala moja mguuni, nyingine ameisahau chini ya kitanda.

Ngazi za nyuma zilinuka sabuni na mvuke. Katikati ya ngazi, pale zinapopinda, alikaa mwanamume mpana wa mabega, amevaa sare ya mlinzi. Inspekta alimtambua hapo hapo. Ndiye aliyemfungulia geti la ujenzi asubuhi na kumwelekeza kwa msimamizi bila kumtazama usoni. Simu moja aliishika kwa mikono yote miwili karibu na pua. Nyingine ililala gotini, na kwenye gamba lake la nyuma kulikuwa na picha ya watoto wawili wanaofanana.

"Hiyo ni ya mume wangu," alisema Mama Pacha.

Mlinzi aliinua macho. Alimtazama Mama Pacha, akatazama picha iliyoko gotini mwake. Lakini gumba halikuacha kutembea.

"Dakika chache tu, shemeji," alisema. "Niko mlangoni. Nikiachia simu sasa hivi nalala, ukungu unanichukua, na chapeo inakwenda nayo. Dakika chache."

Inspekta aliketi kwenye ngazi, kando yake, magoti yakalia. Kwenye kioo aliona mtu mdogo mnene amesimama mbele ya mlango wa jiwe. Ukungu ulimzunguka kiunoni. Kichwani alivaa chapeo nyeusi yenye mabawa madogo juu ya masikio na kijitaa utosini, na kile kijitaa kilikuwa kizuri kweli, kikiwaka katikati ya mvuke ule mweupe. Inspekta alielewa kwa nini mtu mzima angelia.

"Kwa nini hukwenda wodini?" aliuliza.

"Nimekuja kila siku. Nafika hapa tu."

"Unaogopa nini?"

"Nilipaswa kuwa getini. Nilipanda juu kucheza naye, yeye kamaliza kuchomelea. Msimamizi akijua nimekwisha." Alitikisa kichwa. "Wala si hilo. Ningekuwa nalala kama ingekuwa hilo."

"Kobe," Inspekta alisema, na kwa jina hilo mlinzi alishtuka kama aliyeguswa na maji. "Daktari yuko wodini anangoja kitu kimoja tu. Anataka kujua Cheche aliteleza au alipotewa na fahamu kabla hajaanguka. Asipojua, jioni hii atamfungua kwa kubahatisha. Wewe uliona."

"Niache nifike kisimani kwanza."

"Huko ukimwamsha," Mama Pacha alisema, "huku ataamka?"

Hakukuwa na ukali katika swali lake. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, na kama angeambiwa ndiyo, angesubiri. Mlinzi alilia sasa waziwazi, pua inatiririka, macho hayatoki kwenye kioo.

"Sijui, shemeji. Huku sikujua pa kuingilia."

"Pa kuingilia ni hapa," alisema Inspekta, akampigia daktari kwa simu yake mwenyewe, akaiweka kwenye ngazi, sauti wazi. "Daktari, tumempata. Yuko hapa."

"Aseme," ilijibu simu.

Mlinzi akatoa vidole vyake kwenye kioo, kimoja kimoja, akailaza simu yake kando ya ile ya Inspekta. Hakuitazama tena. Inspekta ndiye aliyetazama. Yule mtu mdogo aliyumba, akapiga goti, ukungu ukampanda kifuani, ukampanda shingoni, na kijitaa cha utosini kikabaki peke yake juu ya weupe kwa kitambo, ndipo kikazama.

"Ilikuwa yake," mlinzi alisema.

"Iache," alisema Mama Pacha. "Sema alivyoanguka."

"Tulikuwa tumekaa. Akanipa simu yake nimshikie. Akaniambia, sikiliza, vyuma vinaimba. Mimi nikadhani ni mambo ya mchezo. Halafu akawa anautazama mkono wake, vidole vinajikunja vyenyewe."

"Mkono upi?" daktari aliuliza.

"Wa kushoto."

"Kabla ya kuanguka? Fikiri vizuri."

"Kabla. Alikuwa bado kwenye ndoo."

"Ulimwita?"

"Nilimwita. Nikamwambia acha utani. Alinitazama lakini hakuwa ananiona. Kisha akainuka, akatembea kama kuna mtu anamwita kule pembeni. Hakuteleza. Alitembea tu, mpaka jukwaa likaisha. Nikashuka mbio nikapiga kelele kama ndiyo kwanza namkuta."

Upande wa pili karatasi zilisikika, na daktari akamwambia mtu mwingine asimamishe maandalizi. Aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa imebadilika. "Vizuri. Vizuri sana. Bado nahitaji kujua kama ni mara ya kwanza. Kama imewahi kumtokea, matibabu yake ni mengine kabisa."

Lakini Mama Pacha alikuwa bado anamtazama mlinzi.

"Alipokwambia vyuma vinaimba, wewe ulifanya nini?"

Mlinzi alijifunika uso kwa mikono. Maneno yalitoka kupitia vidole.

"Nilicheka, shemeji. Ndilo hilo. Ningemshika mkono tu angekuwa hapa. Nilikaa nikacheka."

Inspekta alijiandaa kumzuia. Aliwahi kuona wake wa watu wakirarua mashati kwa dogo kuliko hilo, na hasira ilikuwa pale, ilimpanda Mama Pacha mpaka kwenye mashavu. Alisimama juu ya yule mwanamume, mguu mmoja peku, mkono umeinuka nusu. Kisha mkono ukashuka wenyewe. Akaketi kwenye ngazi.

"Wiki iliyopita," alisema, "tulikuwa tunakula. Akaweka kijiko chini, akaniambia sahani zinaimba. Mkono ukawa unamcheza hivi. Watoto wakacheka, na mimi nikacheka mpaka nikapaliwa. Akakaa kimya, halafu akaendelea kula."

"Mama," ilisema simu kwenye ngazi, "sema tena. Mkono gani?"

Mama Pacha aliiokota, akaishika kwa mikono miwili mbele ya mdomo wake.

"Wa kushoto, daktari. Na si mara moja. Uliponiuliza kama amewahi kuumwa nilikwambia ni mzima, kwa sababu kila mara alikuwa ananichekesha."

"Panda juu," alisema daktari. "Pandeni wote wawili, sasa hivi."

Mlinzi aliinuka, akampa Mama Pacha mkono, na wakapanda pamoja.